Msako wa Kasha Bomani: Mchezo Uliomfungua Shemeji Mdomo

Hebu tuambiane ukweli, mpenzi msomaji. Ikifika Jumamosi, wewe na mwenzi wako mnafanya nini? Kama mnafanana na wanandoa wengi ninaowafahamu, asubuhi ni kufua na saluni, mchana kikao cha harusi ya mtu, jioni nyama choma, na kila mmoja ameinamia simu yake. Mnashinda pamoja kutwa nzima, lakini hakuna aliyemwambia mwenzake jambo la maana. Jumatatu ofisini ukiulizwa wikiendi ilikuwaje, unajibu "poa tu".

Mwezi huu nawaletea mchezo ambao hauhitaji pesa nyingi, hauhitaji pombe, na ambao ukiucheza na mtu wako utamjua zaidi ya ulivyomjua jana. Mimi niliushuhudia Biharamulo, kwenye boma la Wajerumani, nikiwa na ndugu wa mume wangu kutoka Rulenge. Niliondoka Dar nikitafuta stori ya mapumziko. Nikarudi na stori ya ndoa.

Kwanza, mchezo wenyewe

Unaitwa jiokeshingi. Mtu anaficha kasha mahali, anapima mahali hapo kwa GPS, kisha anawapa wenzake kodineti, yaani zile namba za latitudo na longitudo. Wenzake wanafuata namba hadi walifikie. Ndani ya kasha kuna kidaftari cha kuandika jina lako na tarehe, pamoja na vitu vidogo vidogo. Ukichukua kitu, unaacha kingine cha thamani hiyohiyo au zaidi. Basi.

Mchezo huu una siku yake ya kuzaliwa. Kwa miaka mingi Marekani ilikuwa inayachafua makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, hivyo kipimo kiliweza kukosea hata mita 100. Mwanzoni mwa Mei 2000 ikaacha kufanya hivyo. Mei 3, 2000, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo nyeusi ya plastiki porini katika jimbo la Oregon, ili tu aone kama mtu anaweza kuipata kwa namba peke yake. Ndani aliweka vitabu, kanda za video, kopo la maharage na hata manati. Haikuchukua siku nyingi ikapatikana. Leo makasha yaliyofichwa duniani yanahesabika kwa mamilioni.

Wakati huo ulihitaji kifaa maalumu cha bei mbaya. Siku hizi simu yako inatosha. Setilaiti za GPS ziko juu kiasi cha kilomita 20,000, na simu ikizipata 4 tu inajua ilipo, hata kama huna bando. Unachotakiwa ni kupakua ramani mapema ukiwa bado mjini.

Kwa nini Biharamulo?

Mume wangu kwao ni Rulenge, wilayani Ngara. Ni nchi ya milima, migomba na baridi ya asubuhi, kwa Wahangaza na Washubi, pembeni kabisa mwa Tanzania, ukivuka tu uko Burundi au Rwanda. Watu wengi wa rika langu walilisikia jina la Ngara kwa mara ya kwanza mwaka 1994, pale wakimbizi wa Rwanda wapatao robo milioni walipovuka daraja la Rusumo ndani ya muda mfupi na kambi ya Benaco ikageuka mji. Ukienda kama mkamwana, unachokumbuka ni sahani ya ndizi na maharage ambayo haiishi.

Julai hiyo tulikuwa sita: mimi na mume wangu, wifi yangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, na mumewe, ambaye ni bwana shamba, na binamu yao kutoka Mwanza na mchumba wake. Majina nimeyaacha, na niliyoyaandika humu wahusika wameyasoma kwanza wakaniruhusu.

Kutoka Rulenge unakula vumbi kwanza, kisha unashika lami kuelekea Lusahunga, halafu unakata kwenda Biharamulo. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 safari za ukanda huu zilikuwa za roho mkononi kwa sababu ya ujambazi, magari yakisubiriana ili yasindikizwe na askari. Sisi tulipita tukiimba.

Boma lenyewe liko kilimani, mji uko chini yake. Lina kuta nene na ua katikati. Wajerumani walilijenga mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye likaja kutumika kama nyumba ya wageni. Ukisimama pale juu unaelewa haraka kwa nini walikichagua kilima kile: unaona anayekuja kabla hajakuona.

Tusijidanganye kwamba ni jengo la mapenzi. Maboma ya aina hii ndiko kodi ilikodaiwa, kesi zikasikilizwa na viboko vikachapwa, na mawe yake yalibebwa na migongo ya wenyeji. Juni 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji yaliingia Biharamulo, yakaendelea kusini, na Septemba 19 mwaka huohuo yakaiteka Tabora. Mjerumani akaondoka. Akaacha kuta, na akaacha hadithi moja ambayo haijafa mpaka leo.

Hadithi ya mali ya Mjerumani

Kama umekulia Tanzania unaijua. Eti Wajerumani walipokimbia walizika dhahabu na rupia, wakaweka alama kwenye mawe na miti, na wajukuu zao wanazo ramani. Kila penye boma, kanisa la zamani au daraja la Mjerumani, hapakosi mtu mwenye kipimo cha madini na simulizi ndefu.

Hadithi ina mbegu ya ukweli, ndiyo maana inauzika. Mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa na hawaletewi fedha kutoka Ulaya, Wajerumani waligonga sarafu zao wenyewe Tabora. Moja ilikuwa ya dhahabu, ya rupia 15, yenye picha ya tembo mbele ya mlima, na dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Zilitengenezwa sarafu 16,198. Siyo maghala ya dhahabu, ni sarafu zinazohesabika, zilizotengenezwa ili zitumike, na wakusanyaji wa sarafu duniani wanazifahamu vizuri. Lakini tapeli akishakutajia tembo na Tabora, wewe tayari unaona Prado.

Shikilia hapo. Tunarudi bomani.

Kila mmoja na namba yake

Mume wangu alitangulia asubuhi, akaomba ruhusa kwa mwangalizi wa boma, akaficha kasha. Kasha lilikuwa kopo la plastiki linaloonyesha ndani, lenye mfuniko wa kubana. Kisha akaja na sharti alilolibuni mwenyewe: mwanamke apewe latitudo peke yake, mwanaume longitudo peke yake. Hakuna kuonyeshana karatasi, ni kusomeana tu. Na simu yenye ramani ni moja kwa kila wawili.

Mimi nilibaki na kamera na kinywa changu, nikiwafuata nyuma.

Binamu na mchumba wake walianza kwa kelele. "Soma tena! Thelathini na ngapi?" "Umeandika tatu au nane?" Walizunguka boma mara mbili, wakagombana, wakacheka, wakagundua kwamba walikuwa wamekosea tarakimu moja. Hapa nikupe hesabu ya bure. Kodineti zikiandikwa kwa nyuzi na dakika zenye desimali tatu, tarakimu ya mwisho kabisa ina thamani ya kama mita 2. Inayotangulia ni mita 18 au 19. Ile ya kwanza baada ya nukta ni mita 185. Ukikosea dakika nzima, umeenda kilomita karibu 2 na unasaka kasha kwenye shamba la mtu. Huku karibu na Ikweta hesabu hiyo ni ileile kwa namba zote mbili.

Wifi na shemeji walikuwa kimya. Shemeji alichukua simu, akaiuliza latitudo ya mkewe mara moja, akaingiza namba, akatangulia. Mkewe akamwita.

"Nisomee na yako."

"Wewe nifuate tu, nimeshaiweka."

"Nisomee, baba. Ndiyo sharti la mchezo."

"Si nimesema nifuate?"

Wifi akasimama. "Nimekufuata sana," akasema, siyo kwa sauti kubwa, lakini mimi niliyekuwa hatua kumi nyuma nililisikia kila neno.

Sasa si mnajua watoto wa mjini. Vijana wawili waliokuwa wanapita na madumu ya maji wakatuona tunavyotembea tumeinamia simu, wakasimama. Mmoja akauliza, "Mama, mnatafuta mali ya Mjerumani?" Sote tukaangua kicheko. Shemeji hakucheka. Aligeuka akautazama mji, uso umembadilika kabisa, na mkewe alikuwa anamtazama.

"Mbona hivyo?" akamuuliza. Akanyamaza. Akamuuliza tena, sasa kwa sauti ya mwalimu: "Mbona hivyo, baba?"

Kilichotoka

Walikaa chini ya mti. Nilitaka kuondoka, wifi akanishika mkono. "Kaa, wifi. Nataka awepo mtu." Mawifi hatuna sifa nzuri mjini, nalijua hilo, lakini kuna siku wifi ni shahidi unayemhitaji.

Shemeji akasema yote. Miezi mitano kabla, mtu alimfuata akiwa na kifaa chenye taa na mlio, akamwambia kwamba shambani kwa marehemu baba yake kuna sanduku la Mjerumani. Alikuwa na karatasi iliyochakaa yenye maneno ya kizungu. Alidai hela ya kukodi kipimo kikubwa, halafu hela ya mbuzi mweupe kwa ajili ya jini linalolinda, halafu hela ya mafuta ya kumpeleka mtaalamu kutoka Mwanza. Jumla ikafika shilingi 1,800,000. Zilikuwa zimetoka kwenye mkopo wa wote wawili. Zilikuwa za mabati.

Wifi alikuwa ameyaulizia hayo mabati tangu Machi. Kila mara alijibiwa kwamba fundi anasubiri bei ishuke.

"Na lile shimo nyuma ya migomba?"

"Ndilo hilo."

"Mimi nilidhani unachimba choo!"

Jamani, nilijiuma mdomo. Hata yeye mwenyewe nusu ya uso ilitaka kucheka, nusu ikalia. Kilichoshinda ni kulia. Alilia kwa muda mrefu, shemeji ameketi kando yake mikono magotini, hajui amguse au asimguse. Kule upande wa pili wa boma tukasikia kelele na vigelegele. Binamu na mchumba wake walikuwa wamelipata kasha.

Ndipo nikamuuliza shemeji swali lililokuwa likinisumbua: kwa nini hukumwambia mkeo tangu mwanzo? Akajibu, "Yule bwana alisema mwanamke akijua, jini linahamisha mali."

Msomaji wangu, isome sentensi hiyo mara ya pili. Kifaa, karatasi na mbuzi ni mapambo. Kinachomlipa tapeli ni sharti la siri, kwa sababu anajua kwamba katika nyumba yenye watu wawili, mmoja akiwa amelewa ndoto, mwingine ana uwezekano mkubwa wa kuwa na akili timamu. Akishamtoa huyo wa pili, kazi imekwisha. Na siyo mali ya Mjerumani tu. Angalia na hizo biashara za kuzidisha pesa kwa wiki mbili, viwanja vya bei ya kutupa, mikopo ya simu. Yeyote anayekuambia "usimshirikishe mwenzio kwanza" amekuonyesha anachokuja kuiba.

Wifi akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Akachukua karatasi yake. "Haya," akasema, "longitudo yako ni ngapi?" Shemeji akamsomea, tarakimu moja baada ya nyingine, naye akairudia kila moja kwa sauti. Wakainuka. Dakika 20 baada ya wenzao, walilikuta kopo kwenye mizizi ya mti, limefunikwa majani makavu, hatua kama 40 kutoka ukutani. Ndani mlikuwa na kidaftari, penseli, shanga na sarafu ya shilingi 20 ya zamani. Wifi akaandika tarehe na majina ya wote wawili. Hakuchukua kitu.

Wako wapi sasa?

Njiani kurudi Rulenge hakuna aliyeimba. Usiku ule walizungumza mpaka jogoo wa kwanza, nyumba za kijijini hazina siri. Mkopo wanaendelea kuulipa. Mabati bado. Wifi aliweka masharti mawili: kila hela inayozidi kiasi walichokubaliana isitoke bila wote wawili kusema ndiyo, na taarifa ipelekwe polisi na shemeji mwenyewe, kwa mdomo wake. Akaenda. Mwenye kipimo alikuwa ameshahama na namba yake haipatikani.

Amemsamehe? Nilimuuliza kwenye simu juzi. Akaniambia, "Wifi, nimeacha kumuuliza kuhusu mabati. Sasa ananiambia mwenyewe kabla sijauliza." Nimelichukua hilo kuwa jibu.

Lile shimo hawakulifukia. Walilijengea, wakaliezeka. Sasa ni choo kweli.

Ukitaka kuujaribu

Huhitaji kwenda hadi Biharamulo. Bagamoyo kuna boma la mwaka 1897, Iringa boma lao limekuwa makumbusho tangu 2016, na kila mji wa zamani una jengo lenye stori. Ila zingatia haya:

Omba ruhusa kwanza. Zungumza na mwangalizi wa jengo, na kama ni kijijini, ofisi ya mtaa au kijiji ijue. Maeneo ya mpakani yaliyowahi kupitiwa na vita na wakimbizi hayapendi kasha lisilojulikana nyuma ya ukuta, na yako sahihi.

Usichimbe, usichomoe jiwe. Kasha linafichwa juu ya ardhi, mbali na kuta. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba kutafuta malikale bila kibali, na boma likishabomoka halirudi.

Tumia chombo kinachoonyesha ndani. Kibandike karatasi inayosema ni mchezo, na namba ya simu. Usiweke chakula, siafu na panya watakutangulia.

Gawaneni namba. Hili ndilo tamu lenyewe. Mmoja latitudo, mwingine longitudo. Mtajua ndani ya robo saa nani husikiliza, nani hukatiza na nani hutangulia bila kusema anakokwenda.

Mkimaliza, ondokeni na kasha lenu. Pale mlipopita pabaki kama palivyokuwa.

Na kabla hamjapanga safari, kuna swali la kuulizana nyumbani leo usiku, taa zikishazimwa na simu zikishawekwa mbali. Halina gharama yoyote. Muulize mwenzio, taratibu, bila ukali: kuna shimo lolote hapa nyumbani ambalo mimi nadhani ni choo?